Kurudisha jina la asili la mlima, mto au kisiwa: nilivyojifunza hapa Tanga na wewe pa kuanzia

Ukikaa bustani ya Jamhuri pale Tanga mjini jioni ukaangalia bandarini, kile kisiwa kidogo kilicho mbele yako kwenye ramani kinaitwa Toten. Waulize vijana kumi maana yake watakwambia ni jina tu. Toten ni Kijerumani, maana yake wafu. Pale kuna makaburi ya zamani na magofu ya misikiti, kuna watu waliishi pale kabla Mjerumani hajatia mguu Tanga, walisali, walivua, walizaa watoto, na hao watu kwao walipaita kwa jina lao, alafu akaja mgeni akaona makaburi basi kisiwa kizima kikawa cha wafu na sisi tumelibeba hilo jina zaidi ya miaka mia. Mimi hili jambo linaniuma sana na ndio maana nimekua nikizunguka na daftari Sahare, Chongoleani, Muheza mpaka Lushoto kuuliza majina, na watu wengi wananiuliza inbox nafanyaje, kwahiyo nimeona niandike yote sehemu moja.

Kabla ya yote jiulize unataka kufanya nini hasa, maana watu wanachanganya mambo matatu. Kuna kurudisha jina lililokuwepo, kuna kusahihisha jina lililoandikwa vibaya, na kuna kupachika jina jipya. Angalia Kilimanjaro. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni 1889 akakiita kwa jina la mfalme wao Kaiser Wilhelm, na 1961 tulipopata uhuru kikawa Uhuru, mita 5,895. Napenda hilo jina na sitaki liguswe, ila ni jina jipya, sio la asili. La asili ni Kibo, na Kibo halikufa kwasababu Wachaga hawakuacha kulitaja. Mwenzake Mawenzi kilele chake cha juu, mita 5,149, mpaka leo kinaitwa Hans Meyer. Sasa wewe ukienda mbele ya watu ukasema "turudishe" kumbe jina umelitunga wewe jana usiku kwasababu linasikika la kiafrika, wazee watajua ndani ya dakika moja na hawatakusikiliza tena.

Hilo la pili, tahajia, ndio rahisi na linasahaulika. Mto wetu unaotupa maji mjini, ule wa bwawa la Mabayani, vitabu na ramani nyingi za zamani zinaandika Sigi, sisi tunasema Zigi. Nani kakosea? Jaribu kusoma kama Mjerumani. Kwa Kijerumani herufi S ikianza neno na ikafuatiwa na irabu inasomwa Z, kwahiyo yeye akiandika Sigi mdomoni inatoka Zigi, alafu akaja Muingereza akaisoma kwa macho ya Kiingereza ikawa Sigi kweli. Mimi ndivyo ninavyoona ilivyokua. Ukishajua hiyo funguo ramani za Kijerumani zinafunguka zenyewe: W ni V, J ni Y, sch ni sh, dsch ni j. Muansa ni Mwanza. Aruscha ni Arusha, Bagamojo ni Bagamoyo. Vuga, makao ya kina Kimweri, watawala wa Wasambaa, kule milimani, utaikuta Wuga kwa Wajerumani na Fuga kwa mmisionari Krapf aliyefika 1848 na kwa wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliopandia Pangani kwenda huko mwanzoni mwa 1857. Usidhani ni miji mitatu. Na hata "Usambara" yenyewe, Msambaa akitaja kwao anasema Shambaai au Shambalai, hiyo Usambara ni masikio ya wageni.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza kwa kuuliza na hapa ndipo wengi wanaharibu kwasababu ya swali.

Mara ya kwanza nimeenda Sahare nikamkuta babu mmoja anashona wavu chini ya mkungu, mvuvi wa siku nyingi, vidole vimekomaa kama kamba. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikatoa simu nikamuonesha ramani nikamuuliza "babu, hiki kisiwa kinaitwaje?" Akatazama, akasema "si Toteni hicho." Nikaandika Toteni nikaaga. Nimeondoka na kitu nilichokuja nacho, kwasababu nilimuuliza kwa ramani akanijibu kwa ramani. Wiki ya pili nikarudi bila simu mkononi, nikakaa, nikamsaidia kushika ncha ya wavu, maneno yakaenda yakarudi, ndio nikamuuliza "babu ulipokua mdogo ukitoka na baba yako alfajiri alikua anakwambia tunaenda wapi?" Wallahi yule mzee aliweka sindano chini. Alinitajia majina saba bila kupumzika, mengine ya miamba ambayo maji yakijaa huoni kitu, mengine ya mikondo, hapa panaitwa hivi kwasababu nanga inashika, hapa hivi kwasababu upepo wa kusi unakusukuma. Majina yenyewe siyaandiki hapa, sababu nitaisema chini.

Kwahiyo usiulize "panaitwaje", uliza safari. Mlikua mnaenda wapi, mlikua mnapitia wapi, mkichelewa mnalala wapi, mama alikukataza kwenda wapi. Angalia majina yetu yanavyoishia, Amboni, Tongoni, Ngamiani, Chumbageni, Chongoleani, hayo yote ni majibu ya swali la "wapi", mtu anasema anapokwenda. Jina la mahali linakaa kwenye safari ya mtu.

Na uende kwa anayefanya kazi pale, sio kwa anayejua kuongea tu. Kisiwa na mwamba muulize mvuvi, na usiwasahau akina mama wanaoenda kuokota pweza na chaza maji yakitoka, wao wanajua majina ya vijimwamba ambavyo wanaume wanavipita juu na chombo. Msitu muulize mchuma dawa. Mto muulize aliyekua anachota maji kabla ya bomba. Muda nao una maana, ukitaka wavuvi wa dagaa wa taa nenda mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi ikiwaka hawaingii baharini wanakua nchi kavu wanarekebisha nyavu, ila akina mama wa pweza siku hizo za bamvua maji yanatoka sana wapo kazini, wao uwafate jioni. Ukienda kinyume utakuta pwani tupu urudi nyumbani useme watu hawataki kuongea.

Kurekodi: omba ruhusa kwanza, kila mara, hata kama ni bibi yako mzaa mama. Mwambie alitaje jina ndani ya sentensi, mara tatu, na kwa lugha yake. Hapa nisisitize maana sisi wa mjini tunadhani asili ni Kiswahili basi. Tanga kuna Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, na mara nyingi chini ya jina la Kiswahili kuna jina la Kidigo, na kulirudisha la Kiswahili ukaliacha la Kidigo ni kufanya kilekile tulichofanyiwa. Andika tarehe, mtaa, umri wa mzee na nani alimfundisha jina hilo. Hilo la mwisho ni dhahabu. "Nilisikia kwa babu yangu aliyekua nahodha" sio sawa na "nilisikia redioni."

Alafu usiridhike na mtu mmoja. Nieleze lililonipata mimi mwenyewe. Mwaka juzi kuna mzee alinipa jina la kisiwa kimoja kaskazini ya mji, jina tamu, lina hadithi yake nzuri yenye jini na mtumbwi, nikafurahi nikakimbilia kuliweka kwenye ramani ya mtandaoni usiku uleule. Baada ya miezi kadhaa nikawakuta vijana wanaotembeza watalii wanalitumia wakihadithia na ile hadithi, na nilipokwenda kijiji cha upande wa pili kuuliza wazee wanne wakaniambia hilo ni jina la fungu la mchanga lililoko pembeni, sio kisiwa, na kisiwa kina lake. Walikasirika na walikua na haki, nimekwenda kwao kurudisha jina nimewaletea fujo. Nimelifuta lakini kwenye midomo ya wale vijana halijafutika mpaka leo. Tangu hapo sheria yangu ni watu watatu, wasio wa nyumba moja, wasiokaa kijiji kimoja, ndio jina linatoka kwenye daftari. Na hicho kisiwa cha bandarini nilichoanza nacho, majina niliyopewa mpaka sasa hayajalingana kwahiyo yamebaki kwenye daftari.

Ujihadhari pia na hadithi ya maana ya jina. Hadithi ni tamu na kila mtu anayo. Bagamoyo wote tunajua ni bwaga moyo, lakini wengine wanasema ni mpagazi aliyefika pwani akabwaga mzigo akafurahi, wengine ni mtumwa aliyeacha moyo wake nyuma, hizo ni habari mbili zisizokaa chumba kimoja. Andika zote mbili, usichague. Jina linaweza kua la kweli na maana yake isijulikane. Na wakati mwingine maana ni ya kawaida kabisa na mtu anavunjika moyo bure, Nyasa, Nyanja, Nyanza ni neno la maji mengi, ziwa. Ruvu ni mto, ndio maana ipo Ruvu ya Bagamoyo na ipo Ruvu kule juu inayokuja kuwa Pangani. Aliyekaa kando ya ziwa moja maisha yake yote akaliita Ziwa, hajakosea, kwake lilikua hilo hilo.

Ukishakua na midomo mitatu ndio utafute karatasi, kwasababu ofisini watakuuliza maandishi. Kuna ramani za Kijerumani za Ostafrika, yani Afrika Mashariki, za kipimo cha 1:300,000, nyingi zimeshapigwa skani unazipata intaneti bure, na ramani za serikali za 1:50,000 kutoka idara ya Upimaji na Ramani ya wizara ya ardhi. Nyaraka za Kijerumani na Kiingereza zipo Nyaraka za Taifa Dar. Hapa mjini makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani wana picha na watu wanaopenda hizi habari, nenda ukaongee nao. Soma ramani kwa sauti, kwa ile funguo niliyokupa, usisome kimya. Utashangaa jina alilokutajia bibi wa Muheza lipo limelala pale limevaa herufi za kigeni.

Inakuja sehemu ngumu, yani majina mawili ya wenyeji wenyewe. Hapa ndipo juhudi nyingi zinakufa na inaniuma kwasababu sio lazima zife. Chukua lile ziwa kubwa. Speke alilifikia Agosti 1858, yeye na Burton walitokea huku kwetu pwani Kaole karibu na Bagamoyo, akaliita Victoria kwa jina la malkia wake. Ukisema tulirudishe, Msukuma atakwambia Nyanza, Mganda atakwambia Nalubaale, Mjaluo atakwambia Nam Lolwe, na watu wa misafara ya pwani walikua wanasema Ukerewe. Wote wenyeji, wote wana haki, na nchi tatu. Huwezi kumwambia mmoja wao jina lako ni la pili. Wenzetu wamejaribu njia ya majina mawili na mimi naiunga mkono kama hatua. New Zealand mlima wao mrefu kuliko yote tangu 1998 kisheria ni Aoraki/Mount Cook. Australia lile jiwe jekundu lilipewa jina la Ayers Rock 1873 na mpima ardhi, 1993 likawa Ayers Rock/Uluru, 2002 wakageuza likatangulia Uluru, na leo duniani watu wengi wanasema Uluru tu, hakuna aliyelazimishwa. Yale maporomoko ya Zambezi aliyoyapa jina Livingstone 1855, huyuhuyu ambaye mwili wake uliletwa Bagamoyo 1874 ukisafirishwa kwao, UNESCO waliyaandika 1989 kama Mosi-oa-Tunya/Victoria Falls. Mosi-oa-Tunya, sikiliza vizuri, sikio la Mswahili linasikia moshi bila kufundishwa.

Kwahiyo kwenye ombi lenu msianze na "futeni", anzeni na "andikeni na letu". Ni ombi ambalo mtu wa ofisini anaweza kulikubali bila kuogopa.

Ofisini mnapitia hivi. Anzeni chini kabisa, mkutano wa mtaa au mkutano mkuu wa kijiji, na mhakikishe ajenda imeandikwa mapema isiingizwe kwenye mengineyo, maana mengineyo watu wameshachoka wanataka kuondoka. Mzee azungumze, sio wewe. Mwenyekiti aandike muhtasari, watu wasaini. Kutoka hapo kata, alafu halmashauri kwa madiwani, na kama sehemu ipo ndani ya hifadhi mhifadhi apewe nakala toka siku ya kwanza asije akasikia barabarani, Toten, Yambe na Karange kwa mfano vipo ndani ya hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, na misitu ya Amani au Magamba ina wenyewe TFS, wakala wa misitu wa serikali. BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, wanaweza kuwasaidia upande wa tahajia. Barua isizidi ukurasa mmoja, ya kwetu ilikaa hivi:

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KWA JINA LA ASILI
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa wa ……… katika mkutano wetu wa tarehe ……… tumekubaliana kwamba mahali panapoandikwa ……… kwenye ramani, wazee wetu wanapaita ………. Tunaomba jina hili litambuliwe na liandikwe pamoja na lililopo. Tumeambatanisha muhtasari, mahudhurio yenye saini, maelezo ya wazee na nakala za ramani.

Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" urudi nayo. Kuna ofisi moja barua yetu ilipotea mara mbili, ile nakala yenye muhuri ndio ilituokoa. Jibu linaweza kuchukua muda mrefu sana, msikae kulisubiri.

Maana wakati barua inatembea, jina lianze kuishi. Mnakumbuka 2022 kwenye anwani za makazi, vibao vilivyowekwa haraka haraka mitaa mingine ikapata majina ambayo hata wakazi hawayajui, na wanaendelea kusema "pale kwenye muembe". Kibao peke yake hakitoshi. Ongea na nahodha wa boti za watalii alitaje, mwalimu wa shule ya msingi ya karibu amkaribishe mzee siku moja, mwenye dau jipya akitafuta jina la chombo mpe hilo. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, mtu yeyote anafungua akaunti bure, kuna sehemu ya jina kuu, jina mbadala na jina la zamani, weka kwenye mbadala kwanza na uandike maelezo umelipata wapi, usifute la watu. Wikipedia ya Kiswahili nayo makala nyingi za visiwa na mito ya kwetu ni mistari miwili tu, ongeza, ila huko wanataka chanzo kilichochapishwa kwahiyo ile ramani ya zamani ndio inafanya kazi.

Na jina liishi midomoni kwasababu karatasi inageuka. Mlima mrefu kuliko yote Marekani Kaskazini wenyeji wa Alaska wanauita Denali. Jimbo la Alaska liliomba toka 1975, serikali yao kuu ikakubali 2015, miaka 40, alafu Januari 2025 rais mwingine akasaini lirudi jina la McKinley. Saini moja tu. Lakini watu wa Alaska wanaendelea kusema Denali kwasababu walikua wanasema Denali hata hiyo miaka 40 ya kusubiri. Lushoto ni hivyohivyo, Wajerumani waliandika Wilhelmstal kwenye kila karatasi, walipoondoka hakuna aliyehitaji kukumbushwa mahali panaitwaje.

Sasa ile sababu ya kutoyaandika yale majina saba. Mengine ni ya mahali pa tambiko, panapowekwa ubani na vitambaa vyekundu na vyeupe, na wenyewe hawataki pawe pa kupigia picha. Kabla hujapeleka chochote popote, mtandaoni au ofisini, rudi kwa aliyekupa. Msomee orodha yote kwa sauti, mwache achague lipi litoke na lipi libaki, na usibishane hata kidogo. Mimi nilirudi Sahare na orodha yangu imechapwa vizuri kwenye karatasi nyeupe nikamsomea yule babu, alikubali manne yatoke, matatu akasema hapana, na moja kati ya yale manne aliponisikia nalisoma akanisimamisha. Nilikua nimeandika "d". Yeye anasema "dz", Kidigo. Akanirudisha kama mtoto wa chuoni, sema tena, sema tena, mpaka ulimi ukakaa. Nimeifuta ile "d" kwa kalamu nikaandika juu yake, alafu nikamwomba aweke dole gumba pembeni.